Uko Kware na unataka kupiga picha ya nebula? Soma hii kwanza

Ukiishi Kware, anga unaiona kwa vipande. Ghorofa zimebanana hadi jirani anaweza kukupitishia chumvi dirishani, na usiku mulika mwizi inameza karibu nyota zote. Ndiyo maana wengi wakiona picha ya nebula mtandaoni, yale mawingu ya dhahabu na buluu, huuliza: hii si imeeditiwa tu?

Imeeditiwa, ndiyo. Lakini kuediti si kudanganya, na tofauti hiyo unaweza kuijaribu mwenyewe.

Mwisho wa Januari, mwendo wa saa tatu usiku, panda kwenye paa la ploti penye kamba za nguo (funguo ombeni mapema) utazame karibu na utosi. Utaona nyota tatu zimejipanga mstari mmoja: mshipi wa Orion. Kusini yake kidogo kuna nyota hafifu, na katikati yao doa kama ukungu. Hiyo ndiyo nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi linalozaa nyota, umbali wa takriban miaka ya mwanga 1,300. Mwanga utakaoingia kwenye simu yako ulianza safari wakati miji ya Waswahili pwani ilikuwa ndiyo inachipuka.

Egemeza simu kwenye tofali, tumia taima isitikisike, piga picha za sekunde chache chache, nyingi. Picha moja itakuwa na chembechembe tele. Zipange zote pamoja kwa Siril, programu ya bure ya kompyuta. Nyota hubaki palepale. Chembechembe hurukaruka, kwa hivyo hufutana. Picha 16 zinapunguza chembechembe hadi robo, picha 100 hadi sehemu ya kumi. Hapa subira inamshinda mwenye simu ya bei, au karibu.

Matokeo ya kwanza yatakuwa meusi ti! Usifute. Mwanga upo, umebanwa gizani; uvute polepole. Ukiharakisha, katikati ya nebula panaungua na kuwa doa jeupe. Halafu uiambie programu ipime mwangaza wa taa za mtaa na kuuondoa.

Sasa rangi, hapo ndipo ubishi ulipo. Hidrojeni kwenye nebula hung'aa nyekundu, lakini kamera ya simu huzuia sehemu kubwa ya wekundu huo, basi yako huenda ikapauka. Ile picha maarufu ya nguzo za nebula ya Eagle, iliyopigwa na Hubble mwaka 1995, ilitumia salfa, hidrojeni na oksijeni. Salfa na hidrojeni zote ni nyekundu, jicho lisingezitenganisha. Wanasayansi wakaipa salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Ni kama ramani ya matatu: rangi ya laini si rangi ya barabara, lakini inakufikisha.

Kudanganya ni kuweka kisichokuwepo. Kuna programu za akili mnemba zinazochora nyota zake zenyewe ili picha ipendeze. Hizo, msee, achana nazo.

Mawingu yakikunyima anga, faili ghafi za Hubble na James Webb zinapakuliwa bure kwenye hifadhi iitwayo MAST. Baadhi hufunguliwa mara moja, nyingine baada ya hadi mwaka mmoja. Ni mamia ya megabaiti, kwa hivyo tafuta Wi-Fi kabla bando halijakulilia.

Na kama nyumbani wanauliza itakulisha nini, waambie kupanga picha, kusafisha na kutenganisha rangi ndiyo kazi ileile inayofanyiwa picha za setilaiti za mashamba na misitu. Kenya ilirusha yake, Taifa-1, Aprili 15, 2023, na picha za aina hiyo zinahitaji watu wa kuzisoma.

Chagua usiku usio na mwezi.