Sista wa Watoto Asihamishwe

Daktari aliye katika mafunzo ya kazi hukaa wodi ya watoto miezi mitatu, kisha anahamia upasuaji, uzazi au wodi ya watu wazima. Mkono unapoanza kuzoea kutafuta mshipa wa kitoto cha siku mbili, muda wake umekwisha na mwenzake anaingia, naye aanze upya. Anayewapokea wote hao, na kuwaonyesha oksijeni inafunguliwa wapi, ni muuguzi. Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Machakos, na nina neno kuhusu kazi hii.

Kwanza nieleze inafanywaje. Tuseme mama ametoka Mwala na mtoto wa miezi saba anayekohoa. Namwambia, “Mama, mtoe titini kidogo, umpandishie sweta nihesabu pumzi.” Ananijibu, “Haya, sista,” na tunangoja mtoto atulie, maana akilia au akinyonya hesabu inaharibika. Natazama kifua kikipanda na kushuka dakika nzima, saa ikiwa mkononi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za kasi. Akishatimiza mwaka, kipimo ni 40. Kisha naangalia chini ya mbavu kama panabonyea kila anapovuta hewa. Mwisho nambana kidole kwa kifaa cha kupima oksijeni. Ikiwa chini ya asilimia 90 anawekewa oksijeni papo hapo na kulazwa. Ikiwa iko sawa, ananyonya na hana dalili nyingine ya hatari, nimonia yake inatibika nyumbani kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa katika maji. Kazi yote hiyo inataka mtu aliyefundishwa na mwenye dakika moja ya kumpa mtoto huyo. Benchi likijaa, dakika hiyo ndiyo inayokosekana.

Mafunzo yenyewe tunayo, tena mazuri. Yanaitwa ETAT+, ni ya siku tano, na yalitengenezwa hapa Kenya juu ya msingi wa Shirika la Afya Duniani, Wizara ya Afya ikishirikiana na madaktari wa watoto na watafiti wa KEMRI-Wellcome. Rwanda na Uganda nao wakayachukua. Unafanya mazoezi kwa mwanasesere: kunyoosha shingo, kubandika kibarakoa usoni, kubonyeza mfuko wa hewa, macho yako kifuani kuona kama kinainuka. Unarudia mpaka mikono ifanye yenyewe. Pia kuna kijitabu cha Wizara kinachoingia mfuko wa koti, chenye vipimo vya dawa kwa kilo za mtoto.

Kijitabu hicho hubadilika, na mabadiliko mengine yametokana na damu ya watoto wetu. Zamani mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na mapigo hafifu alikimbiziwa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Ndivyo ilivyofundishwa mahali pengi duniani. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania: waliokimbiziwa maji, karibu 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48; wasiokimbiziwa, ni 7. Kenya ikabadili mwongozo wake. (Mtoto aliyekaushwa na kuhara hakuhusika katika utafiti huo, yeye bado anahitaji maji.) Sasa fikiria muuguzi aliyesoma kabla ya mwaka huo na hajaitwa tena darasani.

Nchi imepiga hatua, hilo silikani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 41. Chanjo ya nimokoka iliingia 2011, ya rota 2014, na kazi yake imeonekana. Lakini katika hao 41, watoto 21 hufa kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza, na mwaka 2014 walikuwa 22. Hapo tumekwama, kwa sababu kichanga haokolewi na chanjo hizo. Anazaliwa hajalia, na ana dakika moja ya kupewa hewa. Au amezaliwa kabla ya wakati na anataka joto, basi mama ambebe kifuani ngozi kwa ngozi, hasa Julai baridi ya vilima vya Iveti inaposhuka mjini. Anataka maziwa kwa mrija kila baada ya saa tatu. Wakiwa vichanga 15 na muuguzi mmoja, hiyo ni milisho 60 katika zamu ya saa 12, kabla hujagusa sindano wala joto la mwili wa yeyote.

Sasa muuguzi huyu aliyeiva ndiye anayehamishwa. Leo yuko kwa vichanga, mwezi ujao barua inampeleka wodi ya wanaume au hospitali nyingine, kwa kuwa huko nako kuna pengo. Naelewa shida ya anayepanga zamu. Hata hivyo ni kupoteza mali. Utafiti uliofanywa katika hospitali nane za wilaya nchini na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba zilizopata mafunzo pamoja na usimamizi, mrejesho wa ana kwa ana na mtu wa kuzisukuma kutoka ndani zilihudumia watoto vizuri kuliko zilizopewa mafunzo mafupi, miongozo na mrejesho wa maandishi tu. Ujuzi unataka mahali pa kukaa na watu wa kuulinda.

Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti, na bajeti ya kaunti hupitia vikao vya maoni ya wananchi. Ukiitwa kikao, iwe Matuu, Kathiani au Masinga, nenda. Barabara na maji viulize, lakini uliza na hili: ni wauguzi wangapi wamefundishwa kutunza vichanga, na wangapi kati yao bado wako wodini? Mwakilishi wa wadi yako akujibu kwa idadi, na mwaka ujao muulize tena.