Shati la Chuma

Mwaka jana sisi wa darasa la juu tulipaka rangi lango la shule. Masika ilipokwisha rangi ilibambuka, nasi tukachekwa. Mwalimu wa Kemia alisema, "Mmelivika koti bila shati."

Shati hilo ni fosfeti. Mwaka 1906 Mwingereza Thomas Watts Coslett alipata hati ya uvumbuzi wake wa kuchemsha chuma katika asidi ya fosfori. Asidi hula chuma kidogo; kwa kula huko nguvu yake hupungua pale pale, na fosfeti isiyoyeyuka huganda juu ya chuma kama ukoko chunguni. Rangi hushika sana juu yake. Lakini kazi hiyo ilichukua saa mbili au zaidi.

Umeme hufupisha kazi. Chuma hufungwa upande wa hasi wa betri, ndani ya maji yenye asidi ya fosfori na zinki. Haidrojeni ya asidi hutoka kwa mapovu. Hivyo asidi iliyo karibu na chuma hufifia upesi, na fosfeti huganda kwa dakika chache, hata maji yasipochemka. Lakini umeme ukizidi, mapovu huacha vitundu katika ukoko.

Nilijaribu msumari mmoja, ukatoka wa kijivu. Niliupaka rangi pamoja na mwenziwe usio na shati, nikaiweka mvuani. Wa pili umebambuka. Wa kwanza ungali mzima.

Lango haliingii katika bilauri. Basi safari hii tutalisugua kutu kwanza.