Korongo wa Ruma na Ng'ombe wa Majirani

Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyomo katika bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, ndiyo mahali pekee nchini Kenya ambapo korongo wangali wanaishi porini. Jina hilo lisimchanganye msomaji na ndege mwenye miguu mirefu, kwa kuwa korongo anayezungumziwa hapa ni swala mkubwa, mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma na uso wa mabaka meusi na meupe, ambaye umbo na manyoya ya shingo yake yamewafanya wanasayansi wamwite Hippotragus equinus, jina ambalo sehemu zake zote mbili zinamtaja farasi. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwakuta 15 tu.

Korongo hawa walisalia Lambwe kwa sababu ya mbung'o, nzi mfyonza damu anayeeneza vimelea vya malale kwa binadamu na vya nagana kwa mifugo. Wanyama wa porini huweza kubeba vimelea hivyo bila kudhoofika, ilhali ng'ombe hukonda, hutupa mimba na mara nyingi hufa, na kwa hiyo wafugaji waliliepuka bonde hilo kwa muda mrefu. Sehemu yake ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 120 hivi. Kadiri vichaka vilivyofyekwa, na mbung'o walivyopunguzwa, makazi na mifugo vilisogea hadi mpakani, na mbung'o, aliyekuwa mlinzi wa korongo asiyelipwa mshahara, akadhoofika bila mrithi.

Kisheria suala la kulisha ng'ombe hifadhini limekwisha kuamuliwa, kwani Katiba ya mwaka 2010 inazihesabu hifadhi za taifa kuwa ardhi ya umma, na ng'ombe hawaruhusiwi kulishwa humo. Lakini mfugaji naye ana hoja nzito. Malisho ya zamani yamegeuka mashamba ya miwa huko Ndhiwa na Awendo, na ya tumbaku katika sehemu za Migori, huku ng'ombe akiendelea kuwa mahari, jembe la kulimia na karo ya watoto, kwa hiyo wakati wa kiangazi nyasi iliyo ng'ambo ya uzio wa hifadhi huwa kishawishi ambacho ni vigumu kumlaumu mtu mwenye mifugo yenye njaa kwa kukitazama.

Madhara ya kulisha ng'ombe hifadhini, hata hivyo, hayaishii kwenye nyasi inayoliwa. Korongo jike humficha ndama wake katika nyasi ndefu kwa wiki za mwanzo za uhai wake, na nyasi hiyo ikikanyagwa na ng'ombe, au ikichomwa na mchungaji anayetaka machipukizi mapya, ndama hubaki wazi mbele ya fisi, chui na mbwa wanaoandamana na mifugo. Ikiongezwa mitego ya nyaya ya wawindaji haramu, kundi dogo namna hii haliwezi kustahimili hata hasara ndogo. Ni kweli kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori limewatengea korongo eneo maalumu lenye uzio ndani ya hifadhi, lakini uzio hauwalishi ng'ombe walio nje yake.

Kwingineko mifugo na wanyama wa porini hutumia ardhi moja, lakini mfano huo haufai Ruma: Marekani, ambako farasi mwitu wanalindwa kwa sheria ya mwaka 1971 katika ardhi ya umma ambamo wafugaji nao hulipia malisho, hubishana kuhusu namna ya kupunguza makumi ya maelfu ya farasi, wakati Ruma haina hata mnyama mmoja wa kupoteza. Kwa sababu hiyo kuchanganya ng'ombe na korongo humu si suluhisho. Linalofaa ni kuwapelekea ng'ombe chakula nyumbani: vilele vya miwa, ambavyo hubaki shambani baada ya mavuno, vikatwe na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, nyasi ya nepia ipandwe kandokando ya mashamba, na dawa za nagana zifike kwa bei ambayo mwenye ng'ombe watatu anaimudu. Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori ziitengee kazi hiyo fedha sasa, kabla ya kiangazi kijacho, wakati korongo wangali wapo wa kuokolewa.