Udogo wa Betri Usitughuri

Mamangu mzazi anaugua kisukari, na kila asubuhi kabla ya kujidunga insulini hupima damu yake kwa kijimashine kinachoenea kiganjani. Nilipofika nyumbani hivi majuzi, kule milimani karibu na Wundanyi, nilimkuta siku ya tatu hajapima. Betri ilikuwa imekwisha. Dukani kijijini mawe ya tochi, ya redio, hata yale membamba ya rimoti yamejaa tele, lakini mwenye duka alipoonyeshwa kile kibati mfano wa sarafu alicheka tu. Nikalazimika kuteremka hadi Voi kukitafuta. Siku zote hizo tatu mama alikuwa akijidunga dawa kwa kukisia.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nilianza kwa kulichambua jina lake. CR2032 si nambari ovyo ovyo. Ni neno lenye viambishi. C yaeleza kemia yake ya lithiamu na manganizi. R ni umbo la duara. 20 ni kipenyo kwa milimita. 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Laiti istilahi zetu zote zingekuwa na nidhamu hiyo!

Sina ugomvi na hesabu za fundi aliyeichagua. Betri hiyo hutoa volti 3, ilhali jiwe la rimoti aina ya AAA, lenye urefu wa milimita 44.5, hutoa 1.5 tu, aghalabu yangehitajika mawili, na mashine ingenenepa. Isitoshe, kupima tone la damu hakuhitaji umeme mwingi. Kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni ni kisa kingine: hicho hupenyeza mwanga kidoleni mfululizo, na sarafu hiyo ikidaiwa umeme mwingi volti zake huporomoka. Ndiyo maana vingi vya aina hiyo hutumia AAA mbili.

Lakini fundi huyo alipima mfuko wa mnunuzi, hakupima umbali wa duka. Wala hakumfikiria mjukuu. Nilipokuwa nikiitia betri mpya, mtoto wa ndugu yangu, ambaye hajatimiza miaka miwili, alikuwa keshaiokota ile kuukuu. Moyo ulinipaa. Sarafu ya milimita 20 ikikwama katika umio wa mtoto, umeme hupita katika majimaji ya mwili, na upande wake hasi huzalisha alkali kali iwezayo kuunguza nyama vibaya kwa saa 2 tu. Hata betri tunayoiita mfu ina nguvu za kufanya hivyo. Aliyeimeza hukimbizwa hospitalini papo hapo. Hangojewi aende haja.

Wanaotuagizia vifaa hivi, basi, kabla ya kutia sahihi na waulize jiwe lake litapatikana wapi, na iwapo kifuniko kimekazwa kwa skrubu.

Mama nimemnunulia kingine, kinene, cha AAA mbili. Analalamika kwamba hakikai vyema kwenye kibindo cha leso yake.