Kuhesabu Viboko Si Kuvikomesha

Karibu na soko la Kariokor, mahali mitaa ya Eastlands inapoanzia, pana barabara iitwayo Racecourse. Jina limebaki ilhali farasi waliondoka zamani. Kabla ya uwanja wa Barabara ya Ngong kufunguliwa mwaka 1954, mbio za farasi za Nairobi zilifanyiwa upande huu wa mashariki. Wengi wa wanafunzi wapitao hapo leo hawajapata kumwona farasi wa mashindano kwa macho yao. Hata hivyo, nawaomba walimu na wanafunzi watazame namna wapanda farasi wanavyoadhibiwa kwa kuzidisha mjeledi, maana kisa chao kinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Nchini Uingereza, ambako wakoloni waliuleta mchezo huu kutoka, mpanda farasi hana ruhusa ya kumchapa mnyama apendavyo. Tangu mwaka 2023, katika mbio za uwanja tambarare kikomo ni viboko 6, na katika mbio za kuruka vizuizi ni 7. Kamati maalumu hukagua picha za mbio na kuhesabu. Anayezidisha hufungiwa kwa siku kadhaa asishiriki mashindano. Akipita kikomo kwa viboko 4 au zaidi, farasi mwenyewe huondolewa kwenye matokeo.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kiini cha hoja yangu. Mwezi Oktoba 2011, katika uwanja wa Ascot, Mbelgiji Christophe Soumillon alishinda mbio kubwa akiwa juu ya farasi aitwaye Cirrus des Aigles. Sheria ya wakati huo iliruhusu viboko visivyozidi 5 katika mita 200 za mwisho. Yeye alipiga 6. Alifungiwa siku 5 na kunyimwa fungu lake la zawadi, zaidi ya pauni 50,000. Lakini je, farasi? Farasi alibaki mshindi, na mwenye farasi akabaki na kikombe. Wapanda farasi walilalamika, na kabla mwezi huo haujaisha kanuni hiyo ya mita 200 ikaondolewa. Hapo utaona, msomaji mpenzi, kwamba sheria ilimwadhibu mkono uliopiga, lakini haikuligusa tunda la kipigo.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyasikiliza maneno. Neno kiboko lina mengi ya kutufunza. Kwanza ni mnyama wa majini. Kisha ni mjeledi uliokatwa kutokana na ngozi yake. Na sasa, katika mazungumzo ya vijana wa Umoja na Kayole, kiboko ni bingwa, mtu asiyeshindika. Chombo cha kuumiza kimekuwa jina la ushindi! Aidha, tukumbuke msemo wa hamsa ishirini. Chini ya utawala wa Wajerumani huko Tanganyika, sheria iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja. Punde si punde kikomo kikawa ndilo jina la adhabu yenyewe: mtu "alipigwa hamsa ishirini". Idadi iliyowekwa kama mpaka wa juu iligeuka kuwa kipimo cha kawaida. Ndiyo hatari ya kuhesabu viboko: ukishatangaza idadi, umetoa kibali.

Sisi nasi tulihesabu. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 zilimruhusu mwalimu mkuu peke yake kumchapa mwanafunzi, mbele ya shahidi, viboko visivyozidi 6, na kuandika kila kitu kitabuni. Sita! Idadi ile ile aliyowekewa farasi wa Uingereza miaka 51 baadaye. Nilisoma shule ya msingi katika mitaa hii wakati kanuni hizo zikiwa na nguvu. Sikumwona shahidi wala kitabu, na waliochapa hawakuwa walimu wakuu peke yao.

Mwaka 2001 serikali ilifuta kanuni hizo. Katiba ya 2010 ikakataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwenye karatasi, mwanafunzi wa Dandora analindwa kuliko farasi wa Ascot. Lakini ni nani asiyejua kwamba ufito ungali kwenye kabati la walimu katika shule nyingi?

Sababu yake si ugumu wa mioyo ya walimu. Katika miaka ya mtihani wa KCPE, kuanzia 1985 hadi 2023, wanafunzi wengi walichapwa kwa hesabu ya alama walizopungukiwa. Mwalimu alishika fimbo kama mpanda farasi, lakini nyuma yake walisimama mwalimu mkuu aliyetaka wastani upande, na mzazi aliyesema, "Mchape tu, mwalimu, nimekuruhusu." Mwalimu aliposhtakiwa, aliumia peke yake. Alama zilibaki, na sifa za shule zilibaki. Punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Wapo watakaonijibu kwa methali: mcha mwana kulia hulia yeye. Naiheshimu, lakini haikutaja fimbo popote. Mtoto hulia pia anaponyimwa mchezo au anaporudishiwa kazi aifanye upya. Isitoshe, watafiti waliolinganisha mbio 126 za Uingereza, nyingine zenye mjeledi na nyingine bila mjeledi, walichapisha mwaka 2020 kwamba hawakuona tofauti ya maana katika muda wa kumaliza. Ikiwa kipigo hakimwongezei farasi mwendo, kitamwongezea mtoto ufahamu wa sehemu na desimali kwa njia gani?

Maoni yangu ni haya. Pamoja na kumwadhibu anayechapa, tuondoe faida ya kuchapa. Shule iliyothibitika kutumia fimbo isipewe tuzo ya matokeo, na mwalimu mkuu wake asipandishwe cheo kwa ajili ya wastani huo. Mzazi anayetoa ruhusa aelezwe mkutanoni kwamba hana ruhusa ya kutoa. Naye mwalimu mwenye darasa lililofurika asaidiwe kwa walimu wenzake na washauri, asiachwe na ufito kama msaidizi wake wa pekee.

Waingereza walihesabu viboko vya farasi kwa miaka mingi kabla ya kuugusa ushindi. Sisi tumekwisha kupiga marufuku. Lililobaki ni kukataa alama zilizonunuliwa kwa ngozi ya mtoto.