Maji ya Kunywa Yawe na Chombo Chake

Ndugu Waislamu, kila nyumba yetu ina maji ya udhu, lakini si kila nyumba ina akiba ya maji ya kunywa. Mawili haya si kitu kimoja. Pipa la udhu huchotwa kwa kopo na mikono ya kila mtu. Siku bomba likikauka tukayanywa maji hayo hayo, maradhi hupata mlango. Tukumbuke kipindupindu kilichozuka mwaka 2018 katika vijiji vya Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya uwanda wetu wa Ufipa.

Tukadirie lita 4 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 kwa siku 3 yahitaji lita 72. Madumu 4 ya lita 20 yatatosha. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya shambani lisitumike kamwe, hata likioshwa.

Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Basi yaachwe yatokote dakika 3, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yamiminwe katika dumu lililooshwa kwa sabuni na kusuuzwa. Iandikwe tarehe. Baada ya miezi 6 yabadilishwe. Ya zamani yasimwagwe, yatiliwe udhu.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kufunika vyombo usiku. Tuanze na chombo wanachonywea watoto wetu.