Laiki Hazinunui Chisense

Swali ni lile lile, muulizaji tu ndiye hubadilika: "Posti yangu imepata laiki mia tisa, mbona magunia ya dagaa wa chisense bado yamejaa stoo?" Kwa sababu laiki si mnunuzi. Ningeishia hapo, lakini najua wiki ijayo swali litarudi.

Anayebonyeza laiki hatoi pesa, hapandi basi kuja sokoni Kashikishi, hapa Zambia, wala hajatoa ahadi yoyote. Huenda yuko Lubumbashi na anatafuta mzigo. Huenda yuko Muscat na amependa tu rangi ya Ziwa Mweru, tunakovua. Hesabu ya laiki huwatia wote wawili kapu moja. Wenye mtandao nao hukosea: mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka 2 ilikuwa imeukuza wastani wa muda wa kutazama video, kwa kuwa waliotazama chini ya sekunde 3 hawakuingizwa kwenye hesabu. Kampuni zenye wahasibu wake zilizipokea tarakimu hizo. Nawe unamlipa kijana anayekuahidi wafuasi elfu tano kwa usiku mmoja! Hao ni akaunti zisizo na watu nyuma yake. Hazili samaki, hazina pesa kwenye simu, na kesho hazitamwambia jirani kuwa mzigo wako ni mkavu na hauna mchanga.

Chukua mfano wa kubuni. Umelipa kwacha 600 kwa tangazo la mtandaoni, ukapata laiki 900 na wanunuzi wapya 3. Kila mmoja amekugharimu kwacha 200. Ikiwa faida yako kwa kila mmoja ni kwacha 150, umepata hasara inayoshangiliwa. Kipaza sauti cha kwacha 200 kikikuletea wanunuzi 4, kila mmoja amekugharimu kwacha 50, bila laiki hata moja. Kipi kimeshinda?

"Basi nitapima mauzo." Taratibu. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Ukirusha tangazo Machi, mauzo yatapanda hata kama tangazo ni bovu, maana ziwa limefunguliwa. Chisense nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mzigo hupungua. Usimsifu mtangazaji kwa kazi ya mwezi. Linganisha Machi na Machi iliyopita, wiki ya giza na wiki ya giza.

Haya, cha kufanya. Muulize kila mnunuzi mgeni amekusikia wapi, uandike daftarini papo hapo. Kila tangazo lipe namba yake ya simu: moja kwa kipaza sauti cha Kibemba, nyingine kwa ujumbe wa Kiswahili unaokwenda kwa Wakongo wa Pweto na wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Kisha pima mambo matatu: gharama ya kumpata mnunuzi mpya mmoja, wangapi kati yao wamerudi ndani ya miezi miwili, na faida ya kila gunia baada ya usafiri na ushuru. Mnunuzi aliyekutia hasara mara ya kwanza anaweza kuifidia akirudi, kwa hiyo usikate hukumu kwa kipimo kimoja.

Vipimo vitatu vinatosha. Ukitaka kuongeza cha nne, niambie kwanza kitakufanya uache nini au uongeze nini. Kama huna jibu, kifute.